George Westinghouse: Kijana aliyesimamisha treni kwa upepo

KILA mfanyabiashara anayevuka mipaka yetu anaijua sauti ile. Lori la mizigo linafika kwenye kizuizi, linasimama, halafu linapumua kwa nguvu: pshhh! Utingo anaruka chini na jiwe mkononi, analiweka nyuma ya tairi. Kesho yake alfajiri dereva anawasha injini lakini haondoki. Abiria wananung'unika, wenye mizigo wanatazama saa. Dereva ametulia, macho yake yapo kwenye mshale mdogo mbele yake. Anasubiri upepo ujae.

Wengi waliorejea nyumbani kutoka ukimbizini walisafiri hivyo, juu ya malori au ndani ya mabehewa ya reli ya kati, pamoja na watoto, magodoro na masufuria yao. Si wengi wanaojua kwamba upepo huo una historia yake, na kwamba aliyeuingiza kwenye kazi ya breki alikuwa kijana wa miaka 22 tu alipopata hatimiliki yake ya kwanza ya uvumbuzi huo.

Kijana huyo ni George Westinghouse, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1914. Duniani kote jina lake linatajwa zaidi kwa habari za umeme. Lakini kazi iliyomtoa kimaisha ilikuwa kusimamisha treni, na hata leo abiria wa treni na malori anamtegemea bila kumjua.

Mtoto wa karakana

Westinghouse alizaliwa Oktoba 6, 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake, ambaye naye aliitwa George, alikuwa fundi mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kilimo. Mwaka 1856 familia ilihamia mji wa Schenectady katika jimbo hilohilo, na karakana ikapanuka.

Darasani kijana huyo hakung'ara. Karakanani ndiko alikojifunza. Alikua miongoni mwa vyuma, mikanda na mashine za mvuke, akijua kwa mikono yake kitu kinavyotengenezwa kabla ya kukijua kwa vitabu.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani. George, akiwa bado na miaka 15, alitoroka nyumbani kwenda kujiandikisha jeshini. Wazazi wake walimrudisha. Miaka miwili baadaye walimruhusu, akajiunga na jeshi la nchi kavu, na mwishoni mwa mwaka 1864 akahamia jeshi la majini akiwa mhandisi wa ngazi ya chini katika meli za mvuke.

Vita vilipomalizika mwaka 1865 alirudi nyumbani, akaingia chuo cha Union kilichopo hapohapo Schenectady. Hakukaa. Katika muhula wa kwanza aliacha masomo akarudi karakanani kwa baba yake. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, alipata hatimiliki ya kwanza maishani mwake, ya injini ya mvuke ya mzunguko. Injini hiyo haikumtajirisha. Baada ya hapo alibuni kifaa cha kurudisha juu ya reli mabehewa yaliyoanguka, na kifaa hicho ndicho kilichomfungulia milango ya watu wa reli.

Walionana lakini hawakuweza kusimama

Mwaka 1866 Westinghouse alikuwa akisafiri kwa treni kati ya Schenectady na Troy. Njiani treni yake ilikwama kwa muda mrefu. Mbele yao treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana uso kwa uso.

Kilichomshangaza si ajali yenyewe, kwani siku hizo ajali za reli zilikuwa jambo la kawaida. Alishangaa kusikia kwamba imetokea mchana, mahali ambapo njia imenyooka na hapana kilichozuia macho. Madereva wote wawili walikuwa wameonana. Walijua wanakwenda kugongana. Walichokosa ni namna ya kusimama.

Ili kulielewa hilo, msomaji, inabidi ujue jinsi treni zilivyofungwa breki wakati ule. Dereva hakuwa na uwezo wa kusimamisha mabehewa. Alipotaka kusimama alipiga filimbi. Wafunga breki, watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, waliposikia filimbi walikimbilia kila mmoja kwenye mabehewa yake na kuzungusha gurudumu la chuma kwa mikono, hadi vipande vya breki vikabana magurudumu. Akimaliza behewa moja, anarukia la pili.

Kwenye treni za mizigo walifanya kazi hiyo juu ya paa la mabehewa, treni ikiwa mwendoni, usiku na mchana, kwenye mvua na barafu. Walioteleza walianguka chini ya magurudumu. Na hata kama hakuna aliyeteleza, kazi ilichukua muda, na breki hazikushika kwa pamoja: behewa hili limeshabana, lile bado linasukuma.

Uzito ndio tatizo lenyewe. Siku hizi wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaofuga treni ndogo za kuchezea zinazoendeshwa kwa amri za kidijitali. Treni hizo zina tatizo la kinyume kabisa. Kwa kuwa ni nyepesi, ukikata umeme zinasimama papo hapo, na watengenezaji wamelazimika kuweka ndani yake kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopunguza mwendo polepole ili zifanane na treni za kweli. Treni ya kweli haihitaji kufundishwa kuchelewa kusimama. Chuma juu ya chuma hakina msuguano mkubwa, na mamia ya tani yakishashika mwendo huendelea kwenda hata injini ikizimwa. Ndicho kitu ambacho madereva wale wawili wa mwaka 1866 walikifahamu wakiwa wamechelewa.

Wazo kutoka handakini

Westinghouse alianza kutafuta njia ya kumpa dereva mwenyewe uwezo wa kufunga breki za mabehewa yote kwa mara moja. Alifikiria mnyororo mrefu wa kukaza breki zote, lakini mnyororo ungefaa treni fupi tu. Alifikiria mvuke wa injini, lakini mvuke ukisafiri kwenye bomba refu hupoa na kuwa maji.

Katikati ya mahangaiko hayo, mwaka 1867, alimwoa Marguerite Erskine Walker, msichana aliyekutana naye ndani ya treni. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake.

Jibu la tatizo lake lilitoka kwenye gazeti. Alisoma makala kuhusu handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia. Wachimbaji walitoboa miamba kwa mashine zilizoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa, ambayo ilipitishwa kwenye mabomba kutoka nje hadi ndani kabisa ya mlima. Mara moja akaelewa. Ikiwa hewa inaweza kusafiri umbali wote huo na bado ikawa na nguvu ya kupasua jiwe, itashindwaje kufika behewa la mwisho na kubana gurudumu?

Aliuchora mtambo wake. Kwenye kichwa cha treni aliweka pampu ya kushindilia hewa, iliyoendeshwa na mvuke, na tangi la kuitunza. Bomba lilipita chini ya mabehewa yote, likiunganishwa na mipira kati ya behewa na behewa. Chini ya kila behewa palikuwa na silinda yenye pistoni. Dereva akifungua hewa, inakimbia kwenye bomba, inasukuma pistoni, na breki zinabana.

Kuuza wazo hilo ilikuwa shughuli nyingine. Wakubwa wa makampuni ya reli hawakuamini kwamba treni inaweza kusimamishwa na upepo. Kipo kisa maarufu kwamba tajiri wa reli Cornelius Vanderbilt alimfukuza ofisini akimwona mjinga. Iwe ilitokea hivyo au kisa kimetiwa chumvi, ukweli ni kwamba milango mingi ilifungwa mbele yake. Mwishowe, katika mji wa Pittsburgh alikokuwa amehamia kwa biashara zake nyingine za reli, rafiki yake Ralph Baggaley alimsaidia kwa fedha, na kampuni ya reli iliyojulikana kama Panhandle ikakubali kumwazima kichwa kimoja na mabehewa manne, kwa sharti kwamba gharama za mtambo azibebe yeye.

Inasimuliwa kwamba siku ya majaribio treni ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye handaki mjini Pittsburgh, dereva wake, Daniel Tate, alipoona mkokoteni wa farasi umekatiza njia. Farasi walishtuka, na mwenye mkokoteni akatupwa katikati ya reli. Kwa breki za zamani mtu huyo alikuwa maiti. Tate alizungusha kishikio kipya. Treni ikasimama kwa mshtuko uliowaangusha waheshimiwa waliokuwa ndani, ikiwa imebakiza futi nne tu kumfikia mtu yule. Waheshimiwa walishuka wakiwa na michubuko, wakaona kilichotokea, na majaribio hayakuhitaji maelezo mengine.

Hatimiliki ilitoka Aprili 13, 1869. Mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Westinghouse ya kutengeneza breki za hewa, na kijana wa miaka 22 akawa rais wake.

Siri ya breki inayojifunga yenyewe

Hapa wengi wangeridhika. Fedha zilianza kuingia na makampuni ya reli yalianza kununua. Lakini Westinghouse aliona kasoro kubwa katika mtambo wake mwenyewe.

Breki ile ya kwanza ilihitaji hewa ili kufunga. Je, mpira ukipasuka? Je, mabehewa yakikatika mlimani, nusu yakaanza kurudi nyuma? Hapo hewa yote inatoka na hakuna breki hata moja. Yaani mtambo ulifanya kazi vizuri wakati wa salama, na ukashindwa siku ya hatari, siku ambayo ndiyo ulitengenezewa.

Mwaka 1872 alileta dawa ya ugonjwa huo, na hapo ndipo ukubwa wa akili yake ulipoonekana. Aligeuza mambo juu chini. Badala ya hewa kuingia kwenye bomba ndipo breki zifunge, aliamua kwamba bomba liwe limejaa hewa wakati wote wa safari, na breki zifunge pale hewa inapopungua.

Kila behewa alilipa tangi lake dogo la hewa, na kati ya bomba, tangi na silinda aliweka vali yenye kazi tatu. Bomba likiwa na shinikizo kamili, vali inajaza tangi na kuacha breki zikiwa zimelegea. Dereva akipunguza hewa ya bomba, vali inasukumwa upande wa pili na kuruhusu hewa ya tangi iingie kwenye silinda. Breki zinabana. Akijaza bomba tena, silinda inapumua nje, breki zinalegea, na tangi linajazwa upya.

Sasa fikiri mpira unapopasuka. Hewa ya bomba inatoka, vali zote zinaona shinikizo limeshuka, na kila behewa linajifunga breki lenyewe kwa hewa ya tangi lake. Mabehewa yakikatika, yale ya mbele yanasimama na yale ya nyuma yanasimama. Haihitajiki filimbi wala mtu wa kukimbia juu ya paa. Kuharibika kwenyewe ndiko kunakotoa amri ya kusimama.

Wazo hilo linaonekana dogo likishaelezwa, lakini ndilo msingi wa vifaa vingi vya usalama vya leo: kitu kikiharibika, kiharibikie upande wa salama.

Mtihani wa mabehewa 50

Treni za abiria zilipokea breki hiyo mapema. Treni za mizigo zilikuwa habari nyingine, kwa sababu zilikuwa ndefu mno na wenye reli hawakutaka gharama.

Mwaka 1886 na 1887 yalifanyika majaribio makubwa karibu na mji wa Burlington, jimbo la Iowa, ambako watengenezaji mbalimbali walishindana kusimamisha treni ya mizigo ya mabehewa 50. Westinghouse aliaibika mbele ya watu wote. Hewa ilichukua muda kufika nyuma, hivyo mabehewa ya mbele yalisimama wakati ya nyuma bado yanakuja kwa kasi. Yaligongana kwa kishindo kiasi kwamba waliokuwa ndani ya behewa la mwisho walitupwa huku na kule. Wajuzi wakaanza kuamini kwamba breki za treni ndefu haziwezekani bila kutumia umeme.

Westinghouse hakubishana nao. Alirudi karakanani, akaitengeneza upya vali yake ili kila behewa, linapopata amri ya dharura, lisaidie kutoa hewa ya bomba hapohapo lilipo badala ya kuisubiri irudi hadi mbele. Amri ikawa inapita kutoka behewa hadi behewa kwa sekunde chache. Mwaka huohuo wa 1887 alichukua treni ya mabehewa 50 akaizungusha miji mbalimbali ya Marekani, akiisimamisha mbele ya watu wa reli. Maswali yakaisha.

Watoto wa Armagh

Kwa nini breki inayojifunga yenyewe ilikuwa na umuhimu huo wote? Jibu lilitoka Ireland, kwa machozi.

Juni 12, 1889 treni ya mabehewa 15 iliondoka mji wa Armagh ikiwa imejaa wanafunzi wa shule ya Jumapili na wazazi wao, wakienda matembezini ufukweni. Kilomita chache tu nje ya mji, ilishindwa kumaliza mlima. Wafanyakazi wakaamua kuigawa: mabehewa ya mbele yavutwe kwanza, 10 ya nyuma yabaki yakisubiri.

Treni hiyo ilikuwa na breki za aina iliyofanana kwa kasoro na ile ya kwanza ya Westinghouse. Ukiyakata mabehewa, breki zake zinaachia. Mabehewa 10 yenye mamia ya watu yakabaki mlimani yakishikiliwa na breki moja ya mkono na mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu. Kichwa kilipoanza kuondoka kilirudi nyuma kidogo, kikayagusa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaporomoka mlima mzima na kuigonga treni nyingine iliyokuwa ikipanda. Watu 80 walikufa, wengi wao watoto.

Breki ya kuzuia maafa hayo ilikuwapo tangu mwaka 1872. Haikuwa imefungwa kwenye treni ile. Kabla ya mwaka 1889 kwisha, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni zote za abiria ziwe na breki zinazojifunga zenyewe.

Nchini Marekani vita hivyo vilipiganwa na mkulima wa Iowa, Lorenzo Coffin, aliyezunguka miaka mingi akidai wafanyakazi wa reli waokolewe. Hatimaye Machi 2, 1893, siku mbili kabla ya kutoka madarakani, Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria iliyowalazimisha wenye reli kuweka breki za kuendeshwa na dereva na viunganishi vya mabehewa visivyohitaji mtu kuingia katikati. Kazi ya kukimbia juu ya mapaa ikaanza kufa.

Umeme, utajiri na anguko

Kwa wakati huo Westinghouse alikuwa ameshaingia kwenye vita nyingine. Mwaka 1886 alianzisha kampuni ya umeme akiamini katika mkondo geu, ule unaoweza kupandishwa nguvu na kusafirishwa mbali kwa waya. Thomas Edison, aliyekuwa amewekeza kwenye mkondo mnyoofu, alimpinga kwa nguvu zote. Mwaka 1888 Westinghouse alinunua haki za uvumbuzi wa Nikola Tesla, mwaka 1893 akawasha taa za maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, na ifikapo mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mitambo yake. Umeme unaopita kwenye nguzo zetu leo ni wa aina hiyo aliyoitetea.

Kwa wafanyakazi hakuwa tajiri wa kawaida wa zama zake. Alikuwa miongoni mwa waajiri wa mwanzo Marekani kuwapa watu wake mapumziko ya Jumamosi mchana, na katika mji wa Wilmerding, karibu na Pittsburgh, kampuni yake ya breki ilijenga nyumba ambazo wafanyakazi waliweza kuzinunua polepole.

Hata hivyo, aliyejua kusimamisha treni hakujua kusimamisha madeni. Alipanua biashara kwa mikopo mfululizo. Mwaka 1907 mabenki ya Marekani yalipoingia katika msukosuko, kampuni yake ya umeme ilishindwa kulipa, na wenye fedha wakamnyang'anya usukani wa kampuni iliyobeba jina lake. Kampuni ya breki ilibaki imara.

Mwaka 1911 alitunukiwa nishani ya juu ya wahandisi wa umeme wa Marekani. Nishani hiyo inaitwa kwa jina la Edison, mpinzani wake. Afya yake ilikuwa imeanza kuzorota, na Machi 12, 1914 alifariki mjini New York akiwa na miaka 67. Mkewe Marguerite alimfuata miezi michache baadaye. Wote wawili wamezikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, kwa heshima ya kijana yule aliyewahi kutoroka kwao kwenda vitani. Aliacha hatimiliki zaidi ya 300. Mwaka 1930 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa Pittsburgh, kwa michango ya waliokuwa wafanyakazi wake.

Upepo peke yake hautoshi

Baada ya kifo chake kanuni hiyohiyo ilihamia kwenye malori. Tela unaloliona mpakani lina tangi lake la hewa, na mipira inayoliunganisha na kichwa ikikatika, tela linajifunga breki. Kwenye malori mengi ya kisasa springi zenye nguvu ndizo zinazobana magurudumu ya nyuma, na hewa ndiyo inayozizuia. Ndiyo maana lori lisilo na upepo haliondoki. Dereva anayesubiri mshale upande anasubiri ruhusa ya mzee Westinghouse.

Lakini tusidanganyane kwamba uvumbuzi huo ulimaliza hatari. Breki ya treni ina udhaifu wake: hewa iliyo kwenye matangi huvuja kidogo kidogo. Treni ikiachwa mlimani kwa saa nyingi bila injini kujaza hewa, breki zitalegea. Hapo inarudi ile kazi ya kale, breki za mkono na vigingi. Julai 6, 2013, katika mji wa Lac-Mégantic nchini Canada, treni ya mafuta iliyoachwa mlimani usiku ilianza kutembea yenyewe baada ya injini kuzimwa na hewa kuvuja. Breki za mkono zilizofungwa zilikuwa chache. Iliingia katikati ya mji, ikalipuka, watu 47 wakafa.

Na sisi hatuna haja ya kwenda hadi Canada. Juni 24, 2002, kwenye reli ya kati, mkoani Dodoma, treni ya abiria zaidi ya 1,200 iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilirudi nyuma kwenye mteremko kati ya Msagali na Igandu, ikashindwa kusimama, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hiyo ndiyo njia ambayo wengi wetu tumepita, sisi au ndugu zetu, kwenda au kutoka Kigoma. Armagh ilikuwa mwaka 1889, Igandu mwaka 2002. Mlima, treni iliyojaa watu, na kurudi nyuma. Miaka 113 imepita kati ya vilio hivyo viwili.

Maisha ya Westinghouse yanatuachia fundisho moja la kushika njiani. Aliijenga breki yake akijua kwamba mpira utapasuka, kiunganishi kitakatika na binadamu atachelewa. Hakuamini bahati. Nasi tusiiamini. Tukimwona dereva anasubiri upepo, tusimpigie kelele atuwahishe sokoni. Tukimwona utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, tusimcheke. Na anayetuambia gari lake linakwenda vizuri ila breki zinasumbua kidogo, tushushe mizigo yetu.

Wahenga walisema kawia ufike. Soko la mpakani lipo kesho pia.